V723 Monocerotis

V723 Monocerotis (kifupi: V723 Mon, pia HD 45762) ni mfumo wa nyota mbili katika kundinyota la Munukero (kwa Kilatini Monoceros). Umbali wake kutoka Dunia ni takriban miakanuru 1,500. Nyota yake inayotambulika kwa urahisi ni jitu jekundu. Ni hafifu mno kuonekana kwa macho matupu, ingawa darubini ndogo ya mikono miwili inatosha kuiona. Jitu hilo huzungukana na mwenzi mzito kuliko lenyewe mara moja kila siku 60.

Kwa miaka mingi mwenzi huyo hakuonekana. Mwaka 2021 kundi la wanaastronomia lilieleza kwamba huenda ni shimo jeusi dogo lenye takriban mara 3 ya masi ya Jua. Habari hiyo ilienea duniani, na mfumo ukapewa jina la utani "Farasi wa Pembe Moja". Mwaka uliofuata uchunguzi mpya ulionyesha kwamba mwenzi ni nyota ya kweli ambayo nuru yake ilikuwa imechanganyika na nuru ya jitu. Tangu hapo V723 Mon haihesabiwi tena kati ya mashimo meusi. Hata hivyo imebaki mfano muhimu wa jinsi vitu visivyoonekana hutafutwa angani, na jinsi makosa hutokea katika kazi hiyo.

Jina

Jina V723 Monocerotis linafuata utaratibu wa kutaja nyota badilifu, yaani nyota ambazo mwangaza wake huongezeka na kupungua. Utaratibu huo ulianzishwa na mwanaastronomia Mjerumani Friedrich Argelander katika karne ya 19. Nyota badilifu ya kwanza kutambuliwa katika kundinyota hupewa herufi R, zinazofuata hupewa S, T na kuendelea hadi Z, kisha hutumiwa herufi mbilimbili. Michanganyiko yote ya herufi ikiisha, ambayo ni 334, hutumiwa herufi V pamoja na namba kuanzia 335. Kwa hiyo V723 ni nyota badilifu ya 723 iliyoorodheshwa katika Munukero. Monocerotis ni umbo la Kilatini lenye maana "ya Munukero".

Jina HD 45762 latokana na orodha kubwa ya nyota ya Henry Draper iliyoandaliwa katika paoneaanga pa Harvard, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20.

Monoceros maana yake ni "mwenye pembe moja", na humtaja mnyama wa visasili vya Ulaya anayefanana na farasi mwenye pembe moja kwenye paji la uso. Kundinyota hili halimo kati ya yale 48 ya Ptolemaio. Lilibuniwa na mchoraji ramani wa Uholanzi Petrus Plancius mnamo mwaka 1612. Jina la utani la mfumo lilichaguliwa kwa sababu mbili: mahali pake ni katika kundinyota hili, na kitu kilichodhaniwa kuwemo kilikuwa adimu kama mnyama huyo ambaye husimuliwa lakini hajapatikana.

Mahali angani

Munukero iko karibu na ikweta ya anga, kwa hiyo huonekana kutoka karibu nchi zote zinazokaliwa na watu. Nyota zake ni hafifu, na njia rahisi ya kuipata ni kuanzia nyota tatu angavu zinazoizunguka: Shira (Sirius) katika Mbwa Mkubwa, Ibuti la Jauza (Betelgeuse) katika Jabari, na Procyon katika Mbwa Mdogo. Nyota hizo tatu hufanya pembetatu kubwa, na sehemu kubwa ya ndani yake ni Munukero. V723 Mon iko karibu nusu ya njia kutoka Ibuti la Jauza kuelekea Shira, kidogo upande wa ndani wa pembetatu. Ni takriban digrii moja na nusu kaskazini mwa Beta Monocerotis, nyota inayoonekana kwa macho.

Nyota hii iko digrii 5 na nusu hivi kusini kwa ikweta ya anga. Kwa hiyo kwa mtazamaji aliye Tanga, Unguja, Dodoma au Dar es Salaam hupita karibu kabisa na utosi. Katikati ya mwezi wa Februari hufika juu kabisa mnamo saa tatu usiku.

Mwangaza unaoonekana wa V723 Mon ni takriban mag 8.3. Kwa kawaida macho ya binadamu huona nyota hadi mag 6 hivi mahali pasipo na taa. Nyota hii ni basi hafifu takriban mara 8 kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho linaweza kuitambua. Uhafifu huu hautokani na udogo. Jitu lenyewe ni kubwa sana, lakini umbali wake unapunguza nuru inayotufikia.

Wenzi wasioonekana

Nyota nyingi haziko peke yake kama Jua letu. Huzungukana na nyota nyingine kwa sababu ya graviti, na mara nyingine mmoja wa wenzi huonekana na mwingine haonekani. Asiyeonekana hutambuliwa kwa jinsi anavyomsukasuka mwenzake.

Mfano wa kwanza mashuhuri ni Shira. Mwaka 1844 Friedrich Bessel alieleza kwamba nyota hiyo haisafiri angani kwa mstari mnyofu bali inayumba polepole, na akakata shauri kwamba ina mwenzi. Mwaka 1862 Alvan Graham Clark alimwona mwenzi huyo alipokuwa akijaribu darubini mpya. Leo hujulikana kuwa ni kibete cheupe, nyota yenye masi inayokaribia ile ya Jua iliyobanwa katika ukubwa unaolingana na Dunia.

Pale ambapo nyota iko mbali mno kuonekana ikiyumba, hutumiwa nuru yake. Nuru ya nyota ikitawanywa katika rangi zake huonyesha mistari myembamba ya giza inayosababishwa na elementi za angahewa yake. Nyota ikija kwetu, mistari husogea upande wa buluu. Ikienda mbali, husogea upande wa nyekundu. Jambo hili huitwa athari ya Doppler, na ndilo lililo sawa na sauti ya king'ora cha gari inayobadilika gari likipita. Kwa kupima mistari usiku baada ya usiku inawezekana kujua kasi ya nyota na muda wa mzunguko wake.

Katika miaka ya 1960 wanafizikia walitambua kwamba njia hiyo inaweza kutumiwa kutafuta mashimo meusi. Oktay Guseinov na Yakov Zeldovich walitoa wazo hilo mwaka 1966, na mwaka 1969 Virginia Trimble na Kip Thorne walipitia orodha za nyota maradufu wakitafuta zile zenye mwenzi mzito asiyeonekana. Hoja ilikuwa rahisi: kitu kizito ambacho hakitoi nuru kinaweza kuwa shimo jeusi. Ugumu uko katika kuthibitisha kwamba kweli hakitoi nuru.

Vipimo vya kwanza

V723 Mon ilijulikana kuwa nyota badilifu kabla ya kujulikana kuwa na mwenzi mzito. Mwangaza wake hupanda na kushuka kwa utaratibu, mara mbili katika kila mzunguko. Hii ni dalili ya nyota iliyovutwa na graviti ya mwenzi wake hadi kuwa na umbo la yai. Ikitugeuzia ubavu tunaona eneo kubwa zaidi na nyota huonekana angavu zaidi; ikitugeuzia ncha tunaona eneo dogo na mwangaza hupungua. Kwa kuwa yai lina pande mbili na ncha mbili, kila mzunguko huwa na vilele viwili na mabonde mawili ya mwangaza.

Vipimo vya kina vya mwendo wake vilichapishwa mwaka 2012 na timu ya Klaus Strassmeier iliyotumia darubini ya kujiendesha ya STELLA kwenye kisiwa cha Tenerife. Vilionyesha kwamba jitu hufanya mzunguko mmoja katika siku 59.9 kwenye obiti ya duara, na kasi yake hubadilika kwa takriban kilomita 65 kwa sekunde kila upande. Kasi hiyo ni kubwa kwa jitu lenye mzunguko wa miezi miwili.

Kutokana na namba hizo mbili, yaani muda wa mzunguko na kasi, sheria za Kepler na Newton hutoa kiwango cha chini kabisa cha masi ya mwenzi. Kwa V723 Mon kiwango hicho ni mara 1.72 ya masi ya Jua. Hiki ndicho kiasi ambacho mwenzi angekuwa nacho hata kama jitu lenyewe lisingekuwa na uzito wowote na hata kama tungeiona obiti kwa ubavu kamili. Kwa kuwa jitu lina uzito, mwenzi lazima awe mzito zaidi ya hapo. Ni mzito kiasi gani? Jibu hutegemea masi ya jitu na mwinamo wa obiti, na hapo ndipo makisio yalipoachana baadaye.

Dai la shimo jeusi

Mwaka 2021 Tharindu Jayasinghe, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi mpana wa mfumo huu. Waliunganisha vipimo vya kasi na rekodi za mwangaza kutoka miradi ya ASAS na KELT na chombo cha angani TESS. Walikisia kwamba jitu lina masi sawa na Jua na nusukipenyo mara 25 ya Jua, na kwamba linang'aa kama Jua 170 hivi. Kwa jitu la namna hiyo, mwenzi alipaswa kuwa na takriban mara 3 ya masi ya Jua.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuondoa majibu yasiyowezekana, moja baada ya jingine:

- Kibete cheupe hakiwezi kuzidi takriban mara 1.4 ya masi ya Jua.
- Nyota ya nyutroni haitarajiwi kuzidi sana mara 2 ya masi ya Jua.
- Nyota ya kawaida ya safu kuu yenye masi mara 3 ya Jua ingekuwa na joto la zaidi ya Kelvini 10,000. Ingetoa nuru nyingi ya buluu na urujuanimno, na nuru hiyo haikuonekana kwa kiasi kinachotakiwa.

Lililobaki lilikuwa shimo jeusi. Watafiti walilieleza kama shimo jeusi linalokisiwa, moja kati ya yale madogo na ya karibu zaidi.

Dai hili lilikuwa na uzito kwa sababu ya swali la zamani. Nyota za nyutroni zilizopimwa huishia penye masi mara 2 hivi ya Jua, ilhali mashimo meusi mengi yaliyopimwa katika galaksi yetu huanzia mara 5. Kati ya namba hizo kuna pengo ambalo limekaa karibu tupu. Haijakubaliwa kama pengo hilo ni la kweli, yaani kama nyota zinazolipuka hazitengenezi vitu vya uzito huo, au kama vitu hivyo vipo lakini njia za kutafuta zinavikosa. Mashimo meusi ya zamani yaligunduliwa kwa eksirei, na eksirei hutokea pale tu shimo linapomeza gesi ya mwenzi wake. Shimo lililotulia lisilomeza kitu halijitangazi. Kama V723 Mon ingekuwa na shimo la namna hiyo, pengo lingeanza kujazwa, na kwa umbali mdogo ambao ungeashiria kwamba mengine mengi yapo.

Jambo lililobaki bila maelezo

Katika data hizohizo kulikuwa na jambo moja ambalo halikutoshea vizuri. Mistari ya giza katika nuru ya jitu ilikuwa na kina kidogo kuliko inavyotarajiwa, hasa upande wa buluu. Ilikuwa kama picha iliyofunikwa na utaji mwembamba wa nuru nyingine isiyo na mistari yake. Timu ya Jayasinghe iliona utaji huo na kuutaja wazi. Walipendekeza kwamba ni gesi iliyotawanyika ndani ya mfumo, pengine inayotiririka kutoka kwa jitu kuelekea kwa mwenzi.

Maelezo hayo yaliwezekana, lakini yaliacha swali. Utaji ulikuwa na nuru nyingi. Nuru isiyo na mistari inayoonekana inaweza kutoka kwenye gesi, na inaweza pia kutoka kwa nyota ambayo mistari yake imepanuka hadi kutotambulika. Hilo hutokea nyota ikijizungusha haraka kwenye mhimili wake. Upande mmoja wa nyota huja kwetu na upande mwingine huenda mbali, hivyo kila mstari husogezwa huku na huku kwa wakati mmoja, ukatandazwa na kuwa mpana na wa kina kidogo. Mistari ya namna hiyo ikichanganyika na mistari myembamba na ya kina ya jitu baridi, jicho na hata programu ya kompyuta huweza kuipita bila kuiona.

Utatuzi wa mwaka 2022

Mwaka 2022 Kareem El-Badry na wenzake walichapisha uchunguzi uliotumia njia ya kutenganisha spektra. Njia hii huchukua spektra nyingi za mfumo mmoja zilizopigwa nyakati tofauti za mzunguko. Kama kuna nyota mbili, mistari ya moja husogea upande mmoja wakati mistari ya nyingine inasogea upande wa pili. Kompyuta hutafuta spektra mbili ambazo, zikisogezwa kinyume na kujumlishwa, zinaleta upya kila spektra iliyopimwa. Hapahitajiki kuiona nyota ya pili katika spektra moja peke yake. Huonekana kwa kulinganisha zote kwa pamoja.

Njia hiyo ilipotumiwa kwa V723 Mon, utaji ulijitokeza kuwa nyota. Ilikuwa na mistari ya kawaida ya nyota, mipana kwa sababu inajizungusha kwa takriban kilomita 70 kwa sekunde, na ilikuwa ikisogea kinyume cha jitu kama mwenzi anavyopaswa kufanya. Mwenzi asiyeonekana alikuwa ameonekana muda wote, ila nuru yake ilihesabiwa kuwa ya mwingine.

Matokeo ya uchunguzi huo ni haya:

- Jitu: masi takriban mara 0.4 ya Jua, nusukipenyo mara 22.5 ya Jua, joto la usoni Kelvini 3,800.
- Mwenzi: masi takriban mara 2.8 ya Jua, nusukipenyo mara 8.3 ya Jua, joto la usoni Kelvini 5,800.

Mwenzi ni nyota ya aina ya jitu dogo, yaani nyota iliyomaliza hidrojeni katika kitovu chake, ikatoka safu kuu na kuanza kutanuka na kupoa. Hii inaeleza kwa nini hoja ya mwaka 2021 ilishindwa. Ilikuwa kweli kwamba nyota ya safu kuu yenye masi hiyo ingekuwa ya moto na ya buluu. Lakini nyota ikiwa imekwisha kuondoka safu kuu inaweza kuwa na masi ileile na joto linalokaribia lile la Jua, bila nuru nyingi ya urujuanimno.

Inafaa kutambua kwamba vipimo vya mwaka 2021 vyenyewe havikuwa na kosa kubwa. Muda wa mzunguko, kasi, na jumla ya nuru ya mfumo vilibaki karibu vilevile. Hata masi ya mwenzi haikubadilika sana, kutoka 3 hadi 2.8. Kilichobadilika ni mgawanyo: nuru iliyodhaniwa kuwa ya nyota moja ilikuwa ya mbili, na jitu lililodhaniwa kuwa na uzito wa Jua lilikuwa na chini ya nusu yake. Jayasinghe mwenyewe alikuwa mmoja wa waandishi wa uchunguzi huo uliobadilisha hitimisho lake la awali.

Jinsi jitu lilivyopoteza uzito wake

Jitu lenye masi mara 0.4 tu ya Jua ni jambo la ajabu kwa mtazamo wa kwanza. Nyota nyepesi huishi muda mrefu sana. Nyota iliyozaliwa na masi ndogo hivyo isingeweza kuwa jitu hadi leo, kwa sababu umri wa ulimwengu wote, takriban miaka bilioni 13.8, hautoshi. Kwa hiyo jitu hili lilizaliwa zito na limevuliwa.

Wanaastronomia hueleza historia yake namna hii. Nyota mbili zilizaliwa pamoja, na ile ambayo leo ni jitu ilikuwa nzito kidogo kuliko mwenzake. Nyota nzito hutumia fueli yake haraka zaidi, hivyo ilitangulia kuzeeka na kutanuka. Ilipotanuka, tabaka zake za nje zilifika mahali ambapo graviti ya mwenzi ilikuwa na nguvu kuliko yake, na gesi ikaanza kumwagikia upande wa pili. Mwenzi alizidi kunenepa, na mtoaji akabaki na kiini cha heli kilichozungukwa na tabaka jembamba la hidrojeni. Gesi iliyompokea mwenzi ilimjia kwa mwendo wa kuzunguka, na hiyo ndiyo sababu inayofikiriwa ya kujizungusha kwake haraka.

Umbali kati ya nyota hizi mbili leo ni takriban kilomita milioni 66, zaidi kidogo ya umbali kati ya Jua na Utaridi. Jitu limejaza karibu nafasi yote ambayo graviti yake inaweza kuishikilia, ndiyo maana lina umbo la yai. Tabaka lililobaki likiisha, kiini kitasinyaa na kupoa kuwa kibete cheupe cha heli.

Hali ya nyota nyepesi kuonekana imezeeka kuliko mwenzake mzito ilijulikana kwanza katika Algol, nyota mashuhuri ya kundinyota la Farisi. Kwa muda mrefu iliitwa fumbo la Algol, hadi ilipoeleweka kwamba nyota zinaweza kupeana uzito. V723 Mon ni ndugu wa Algol aliyekutwa katika hatua fupi ya maisha, wakati mtoaji bado ni jitu na mpokeaji naye amekwisha kuanza kutoka safu kuu. Hatua kama hiyo hupita haraka kwa kipimo cha nyota, hivyo mifumo ya aina hii ni michache.

Mfumo wa "Twiga"

Uchunguzi wa mwaka 2022 ulihusu pia mfumo wa pili uliofanana sana na V723 Mon, wenye jina la orodha 2M04123153+6738486. Uko katika kundinyota la Twiga (Camelopardalis), ambalo pia lilibuniwa na Plancius mwaka 1612, na kwa hiyo ukapewa jina la utani "Twiga". Mzunguko wake ni siku 81. Huko pia jitu jekundu lilionekana likizunguka kitu kizito kisichoonekana, na huko pia kutenganisha spektra kulitoa nyota ya pili: jitu lenye takriban mara 0.4 ya masi ya Jua na mwenzi mwenye takriban mara 1.8. Mashimo meusi mawili yaliyokisiwa yaliondolewa kwa njia moja.

Mifumo mingine ya kulinganisha

V723 Mon si mfumo wa pekee uliopitia njia hii. Mwaka 2019 ilielezwa kwamba mfumo wa LB-1 una shimo jeusi lenye takriban mara 70 ya masi ya Jua. Ndani ya muda mfupi watafiti wengine walionyesha kwamba tafsiri ya mistari ya nuru ilikuwa na kosa. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba HR 6819, nyota inayoonekana kwa macho katika anga ya kusini, ina shimo jeusi lililo karibu nasi kuliko yote yaliyojulikana. Mwaka 2022 ilithibitishwa kwamba mfumo huo ni nyota mbili, moja ikiwa imevuliwa tabaka zake za nje na nyingine ikijizungusha haraka. Kila mara fundisho lilikuwa lilelile: nyota iliyovuliwa ni nyepesi kuliko inavyoonekana, na mpokeaji anayejizungusha haraka ni vigumu kumtambua.

Hata hivyo mashimo meusi yaliyotulia yapo kweli. Chombo cha Gaia cha Shirika la Anga la Ulaya, kilichorushwa mwaka 2013, kilipima mahali pa nyota kwa usahihi unaowezesha kuona kuyumba kwenyewe, kama Bessel alivyoiona Shira. Kwa msaada wake yalipatikana mashimo meusi matatu:

- Gaia BH1 (2022), lenye mwenzi anayefanana na Jua.
- Gaia BH2 (2023), lenye mwenzi ambaye ni jitu jekundu, kwa mzunguko wa siku 1,277.
- Gaia BH3 (2024), lenye takriban mara 33 ya masi ya Jua, ambalo mwenzi wake pia ni jitu hafifu.

Uchunguzi wa mawili ya kwanza uliongozwa na El-Badry, yuleyule aliyeonyesha kwamba V723 Mon haina shimo jeusi. Katika mifumo hii yote mwenzi asiyeonekana ni mzito mno hivi kwamba nyota yoyote yenye masi hiyo ingeonekana waziwazi, na spektra hazionyeshi utaji wowote.

Umuhimu

V723 Mon ilianza kama mgombea wa shimo jeusi na kuishia kama nyota mbili zilizopeana uzito. Kwa utafutaji wa mashimo meusi imeleta kanuni inayofuatwa sasa: kabla ya kusema kwamba mwenzi hana nuru, nuru yote iliyopimwa lazima igawanywe na kuelezwa hadi mwisho, na spektra lazima zijaribiwe kama zinaweza kutenganishwa. Kwa elimu ya nyota maradufu imetoa nafasi ya nadra ya kuona hatua ambayo nadharia iliitabiri. Pengo kati ya nyota za nyutroni na mashimo meusi bado linachunguzwa, lakini Farasi wa Pembe Moja hahesabiwi tena kati ya ushahidi wake.

Tazama pia

- Jitu jekundu
- Munukero
- Nyota badilifu
- Nyota maradufu
- Shimo jeusi